Wasomaji Wanauliza: Barua, Bahasha ya Njano na Kuvu Ukutani

Maswali ya safari hii yametoka kwa ndugu zetu waliohamia Ujerumani karibuni. Tumeyafupisha.

Shikamooni wahariri. Nina mwezi na nusu hapa. Nilijiandikisha makazi wiki ya kwanza, nikaambiwa namba ya kodi itakuja kwa posta. Haijaja, kadi ya benki haijaja, na mshahara wa kwanza umekatwa vibaya. Nimekosea wapi? — Msomaji, Leipzig

Marahaba. Kabla hujaenda ofisi yoyote, teremka ukatazame kisanduku chako cha barua. Nyumba nyingi za ghorofa Ujerumani hazina namba za vyumba. Anwani huishia kwenye namba ya jengo, na mtu wa posta hutafuta jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka ikiwa na alama ya kwamba mpokeaji hakupatikana, na wewe huambiwi kitu.

Bandika jina la ukoo kwenye kisanduku na kwenye kengele, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasi. Wengi huandika jina wanaloitwa nyumbani, ilhali barua imekuja kwa jina la babu, kwa kuwa ndilo lililoingizwa kwenye pasi kama jina la ukoo. Kama umepanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, jina lako likae kando ya lake.

Likishabandikwa, omba namba yako upya. Inaitwa Steuer-ID, ina tarakimu 11, na hutolewa na Bundeszentralamt für Steuern, ofisi ya kodi ya serikali kuu. Fomu iko kwenye tovuti yao, ila jibu huja kwa barua tu, namba hawaitoi kwa simu wala barua pepe. Bila namba hiyo mwajiri anaweza kulazimika kukuweka daraja la kodi la VI, lenye makato makubwa kuliko yote. Ukishampa, makato hurekebishwa. Kitakachobaki utakidai mwaka ukiisha, kwa kujaza fomu za marejesho, Steuererklärung. Hela yako haijapotea.

Kwa wanaofika sasa: kujiandikisha makazi kuna muda wa wiki mbili tangu kuhamia, na mkataba wa kupanga hautoshi. Lazima mwenye nyumba akusainie karatasi ya kuthibitisha kuwa umehamia kwake, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung.

Nimeletewa bahasha ya njano yenye tarehe iliyoandikwa kwa mkono. Sijaifungua, naogopa. Kijerumani changu ni cha dukani tu. — Msomaji, Dortmund

Dada, ifungue leo hii. Njano maana yake ni kwamba ofisi au mahakama imetaka uthibitisho kuwa barua imefika. Rangi yenyewe si hukumu. Lakini tarehe ile aliyoiandika mtu wa posta ndiyo muda unapoanza kuhesabiwa, hata kama siku hiyo ulikuwa Mombasa kwa likizo. Kwa hiyo bahasha usiitupe, ibane pamoja na barua.

Tafuta ukurasa wa mwisho neno Rechtsbehelfsbelehrung. Chini yake pameandikwa unapinga wapi na ndani ya siku ngapi: uamuzi wa ofisi mara nyingi ni mwezi mmoja, amri ya adhabu ya mahakama, Strafbefehl, ni wiki mbili tu. Programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha kukujulisha barua inahusu nini. Kuijibia, haitoshi. Pingamizi nalo halitumwi kwa barua pepe ya kawaida, linatakiwa karatasi yenye sahihi yako. Siku zikiwa zimebaki chache, peleka sentensi moja inayosema unapinga uamuzi wa tarehe fulani na kwamba sababu zitafuata. Hiyo inaokoa muda wako.

Mashirika ya misaada ya Caritas, Diakonie na AWO yana ofisi za Migrationsberatung zinazowashauri wageni bila malipo. Nenda na barua yote, pamoja na bahasha.

Kuvu nyeusi imeota kona ya chumba cha kulala, nyuma ya kabati. Mwenye nyumba anasema hatufungui madirisha, lakini letu liko wazi mchana kutwa, tumeliinamisha! — Familia ya watu wanne, Bremen

Poleni. Kosa limo kwenye kule kuliinamisha. Tazameni mkono wa dirisha: ukielekea chini limefungwa, ukilala linafunguka lote, ukielekea juu linainama na kuacha mwanya. Mwanya ule hubadilisha hewa polepole mno, huku ukiupoza ukuta kwa saa nyingi. Hewa ya ndani imebeba mvuke wa kupika, kuoga na kupumua. Ikigusa ukuta baridi, mvuke unageuka maji, kama chupa ya soda inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji. Kuvu hunywa hapo.

Zimeni hita, fungueni dirisha lote, na la upande wa pili pia ili upepo upite. Dakika 5 zinatosha kwenye baridi kali, 10 kukiwa na baridi ya wastani. Fungeni, washeni hita tena. Kuta hazijapoa, na hewa mpya hupata joto upesi. Fanyeni hivyo mkiamka, jioni, kabla ya kulala, na mara tu baada ya kuoga au kupika. Kabati lisogezeni sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje.

Chumba cha kulala kisikose hita kabisa, kisishuke chini ya nyuzi 16. Msikipashe joto kwa kuacha wazi mlango wa sebuleni: hewa ya sebuleni inaingia na mvuke wake na kuumwaga kwenye ukuta baridi. Nguo za kufuliwa zikianikwa humo ni hivyo hivyo. Nunueni kipima unyevu, ni kama euro 10, na mhakikishe kinasoma kati ya asilimia 40 na 60.

Doa lisilofika nusu mita ya mraba mnaweza kulifuta wenyewe kwa spiriti ya asilimia 70 hadi 80, dirisha likiwa wazi, bila moto karibu, mkivaa glavu na barakoa, watoto wakiwa chumba kingine. Siki msitumie, chokaa ya ukutani huiua nguvu.

Lakini mwenye nyumba naye si lazima awe na haki. Ukuta unaweza kuwa unavuja. Mwandikieni sasa, kwa picha na tarehe, kwani mpangaji asiyetoa taarifa anaweza kudaiwa fidia. Msipunguze kodi ya nyumba kabla ya kuuliza chama cha wapangaji, Mieterverein.

Nadaiwa ada ya redio na televisheni, na sina hata redio. — Msomaji, Köln

Kaka, ada hiyo, Rundfunkbeitrag, hutozwa kwa nyumba, uwe na chombo au usiwe nacho. Tangu Agosti 2021 ni euro 18.36 kwa mwezi. Kama mnaishi wengi nyumba moja, analipa mmoja tu: muulize mwenzako namba yake ya malipo, Beitragsnummer, uijaze kwenye fomu uliyotumiwa na uirudishe.