Jirani aliyekaribishwa anadai shamba ni lake

SWALI: Mwaka 2006 marehemu baba yetu alimkaribisha jirani alime mahindi katika shamba letu lililoko Muheza, kwa maneno ya mdomo tu, akimkataza kupanda mazao ya kudumu. Baba alifariki mwaka jana. Sasa jirani amepanda michungwa na anasema kwamba miaka 12 imekwishapita, hivyo shamba ni lake. Je, sheria inamlinda?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu msomaji. Kukalia ardhi na kuimiliki ni mambo mawili. Ni kweli kwamba sheria ya Tanzania inaweka ukomo wa miaka 12 wa kudai ardhi, lakini mahakama zetu zimeshikilia kwamba aliyeingia kwa ridhaa ya mwenye shamba hawezi kulichukua kwa hoja ya kukaa muda mrefu, hata kama ameliendeleza, kwa sababu kukaa kwake kunatokana na haki ya aliyemkaribisha.

Hata hivyo msibweteke. Sheria ya Ushahidi inamtazama aliye na kitu mikononi kama mwenyewe, mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo, na katika shauri hili mzigo huo ni wenu. Watafuteni mapema wazee na majirani wa mpakani waliosikia masharti ya baba yenu, au waliomwona jirani huyo akileta chochote baada ya mavuno kama shukrani kwa mwenye shamba. Chunguzeni pia umri wa michungwa: ikiwa ni miche iliyopandwa baada ya mazishi, inawasaidia, ikiwa imezaa miaka mingi baba yenu akiiona, mtaulizwa kwa nini alinyamaza.

Nawasihi sana msiing'oe. Sheria humlinda hata asiye mmiliki dhidi ya kuondolewa kwa nguvu, na mkikata miti hiyo mnaweza kujikuta ninyi ndio washtakiwa.

Anayeweza kudai mali ya marehemu mahakamani ni msimamizi wa mirathi, kwa hiyo anzeni kwa kikao cha ukoo na maombi ya usimamizi. Kisha msimamizi apeleke mgogoro Baraza la Kata kwa usuluhishi. Usiposuluhishwa ndani ya siku 30, afungue shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.