Ugumu wa Masomo ya Haiskuli na Vyuo Vikuu vya Marekani: Kwa Familia Zilizofika Karibuni

Wengi wetu tuliosoma Kenya, Tanzania au Kongo tulilelewa katika utaratibu ambao mtihani wa taifa ndio unaoamua. Mwanafunzi aliweza kusuasua muda mrefu, akajifungia na vitabu miezi michache ya mwisho, akafaulu vizuri, na chuo kisiulize alikuwaje kabla ya hapo. Familia inayohamia Marekani na mazoea hayo hujikuta inausubiri mtihani ambao hauji. Mtihani wa SAT, wa kuwapima waombaji wa vyuo, upo, na vyuo kama MIT na Dartmouth vimerudi kuudai baada ya kuuacha kwa muda wakati wa korona, lakini msomaji wa maombi katika chuo chenye ushindani mkali huanza na transkripti: miaka minne, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, kila somo na alama yake, na ngazi ambayo somo hilo lilifundishwa.

Katika kuwasaidia vijana wa jamii yetu kujaza maombi ya vyuo, nimeona kwamba jambo la ngazi ndilo linalofahamika kwa kuchelewa zaidi. Historia au kemia inaweza kufundishwa katika jengo moja kwa ngazi ya kawaida, kwa ngazi ya juu zaidi inayoandikwa Honors, na kwa ngazi ya AP, ambayo ni mtaala wa kiwango cha chuo unaosimamiwa na shirika la College Board na kumalizikia kwa mtihani wa mwezi Mei wenye alama 1 hadi 5. Shule nyingine zina IB, yaani diploma ya kimataifa, ambayo wengine mnaijua kutokana na shule za kimataifa za Nairobi na Dar es Salaam. Pia kuna wanafunzi wanaosoma baadhi ya masomo katika chuo cha jamii kilicho karibu huku wakiendelea na haiskuli.

Chuo hakihesabu tu masomo magumu ya mwombaji na kumlinganisha na mwombaji wa jimbo jingine. Mshauri wa shule hutuma maelezo ya shule yenyewe, yakionyesha masomo inayoyatoa, na katika Common App, fomu ya pamoja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi, huombwa aeleze ratiba ya mwanafunzi huyo ilikuwa nzito kiasi gani ikilinganishwa na za wenzake wa shule hiyo hiyo. Kwa hiyo kijana aliyesoma AP nne katika shule yenye AP tano hapungukiwi na kitu mbele ya yule wa kitongoji cha matajiri aliyekuwa na AP ishirini za kuchagua. Nawafahamu wazazi waliofikiria kuhamia mtaa wa kodi kubwa kwa ajili ya orodha ndefu ya AP. Kwa maoni yangu, sababu hiyo pekee haitoshi. Upande wa pili nao ni kweli: shule ikiwa na fizikia ya AP, na kijana anayetaka uhandisi akaikwepa, msomaji wa maombi ataliona hilo mara moja.

Hisabati ndiyo inayohitaji macho mapema kuliko somo lolote, kwa sababu hupangwa kama ngazi isiyorukwa. Mpangilio wa kawaida ni aljebra ya kwanza, kisha jiometri, kisha aljebra ya pili, kisha somo la matayarisho ya kalkulasi. Anayeanza aljebra ya kwanza akiwa darasa la tisa anafika darasa la kumi na mbili bila kuigusa kalkulasi, isipokuwa asome majira ya joto au achukue masomo mawili ya hisabati kwa mwaka mmoja. Kwa anayelenga uhandisi au sayansi hilo si jambo dogo: Caltech, chuo cha teknolojia cha California, kwa mfano, ilidai kalkulasi, fizikia na kemia kwa miaka mingi, na ni mwaka 2023 tu ndipo ilipofungua njia nyingine ya kuthibitisha ujuzi huo kwa waombaji ambao shule zao hazifundishi masomo hayo.

Hapa ndipo watoto wetu wanapoumia kimyakimya. Kijana aliyemaliza kidato cha pili Dar es Salaam, aliyekwisha kuizoea aljebra, anafika akiwa na Kiingereza cha kusitasita, na shule inamweka katika hisabati ya chini kwa sababu ya lugha. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, kwamba shule haiwezi kumwacha nje ya elimu mtoto asiyejua Kiingereza. Mzazi ana haki ya kuomba mkalimani na kumwomba mshauri ampime mtoto hisabati peke yake, bila kuichanganya na lugha. Nendeni na matokeo ya nyumbani, hata kama yana mihuri ambayo hakuna anayeitambua. Shule nyingi pia humruhusu mzazi kutia saini ili mwanawe aingie darasa la juu kuliko lililopendekezwa, lakini fomu hiyo mara nyingi hutolewa kwa anayeiulizia tu.

Vijana huniuliza kama ni heri A katika somo jepesi au B katika somo gumu. Washauri hupenda kujibu kwamba heri A katika somo gumu, jibu lisilomsaidia mtu. Mimi huwaambia hivi: B moja au mbili katika masomo magumu hubebeka, na huheshimiwa kuliko transkripti iliyojaa A za masomo mepesi, lakini C zikianza kujipanga, ratiba imemzidi kijana, na hakuna chuo kinachovutiwa na jina la somo lililomshinda mwanafunzi.

Vyuo vya umma vina hesabu zake. Chini ya sheria ya Texas ya mwaka 1997, wanaomaliza katika asilimia 10 ya juu ya shule yao huingia vyuo vya umma vya jimbo moja kwa moja, ingawa UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, imeubana mlango huo hadi asilimia 5 kwa wanaoingia kuanzia 2026. Kwa kuwa wilaya nyingi huongeza uzito kwa alama za AP na Honors, A katika somo la kawaida inaweza kumshusha kijana nafasi darasani. Chuo Kikuu cha California hakitazami SAT katika kuchagua wanafunzi. Kinadai masomo 15 yaliyoainishwa, 11 kati ya hayo yakamilike kabla ya darasa la kumi na mbili, na huongeza uzito wa masomo magumu yasiyozidi mihula 8 kwa jumla, somo la mwaka mzima likihesabiwa mihula miwili.

Idadi ya masomo magumu ipimwe na maisha halisi ya nyumbani. Kijana anayelea wadogo zake mama akiwa zamu ya usiku, au anayemsindikiza bibi hospitalini kama mkalimani, asilazimishwe AP sita. Majukumu hayo yana nafasi yake katika Common App, kwenye sehemu ya shughuli, na yaandikwe waziwazi, maana wengi wetu huyaficha kwa kuona haya.

Mwaka wa mwisho msiulegeze. Mshauri hutuma alama za nusu mwaka katika majira ya baridi na transkripti kamili baada ya mahafali, na barua ya kukubaliwa huwa na sharti kwamba alama zisiporomoke. Anayetaka kuacha somo gumu baada ya kupata barua hiyo akiandikie chuo kwanza, asubiri jibu, ndipo amwone mshauri kubadilisha ratiba.