Jibu: instanceof kila kona, na droo iliyopungua 340,000

Mleta uzi, umeuliza kwa nini bosi wako anakurudishia msimbo (code) kila akiona `instanceof` (neno la Java la kuuliza kitu ni cha klasi gani), wakati programu inafanya kazi vizuri. Yangu nayo ilifanya kazi vizuri mwaka mzima.

Nilitengeneza mfumo wa mauzo kwa Java, wa duka la vifaa vya ujenzi. Malipo yalikuwa aina tatu: taslimu, simu na benki. Kila palipokuwa na tofauti nikachomeka if ya `instanceof`: ikiwa ni `Simu` fanya hivi, ikiwa ni `Benki` fanya vile, else ihesabu kama taslimu. Baadaye mwenye duka akataka mafundi anaowaamini wachukue saruji kwa mali kauli. Nikaongeza klasi ya nne, nikapita kwenye risiti, stoo, ripoti ya mwezi... nikasahau sehemu moja tu, ya kufunga droo jioni. Pale mali kauli ikaangukia kwenye else, mfumo ukaamini noti zimo ndani. Keshia alisumbuliwa siku mbili kwa shilingi 340,000 ambazo hazikuwahi kuingia. Dada wa watu!

Kilichoniponza si if yenyewe. Ni swali lilelile kuulizwa kwenye mafaili saba, na else inayomeza kila kitu kimyakimya. Basi nikalihamishia kwa anayejua jibu. Klasi mama `Malipo` nikaipa methodi ya `abstract` (haina mwili, kila klasi mtoto lazima iandike yake), `kiasiDrooni()`. `Taslimu` inarudisha kiasi chote, wenzake wote sifuri. Anayefunga droo anajumlisha `m.kiasiDrooni()` tu, hana haja ya kujua m ni nani. Leta klasi mpya usahau methodi hiyo, javac (kompaila ya Java) inagoma hapohapo mezani kwako. (Wa Python: ukitumia `ABC` na `@abstractmethod` itagoma pia, ila mpaka programu ijaribu kuunda obijekti yenyewe.)

Lakini usifute if zote kwa hasira. Kwenye kanzidata aina ya malipo imehifadhiwa kama neno, kwa hiyo lazima pawe mahali pamoja pa kulisoma na kuchagua klasi. If ya hapo iache. Na yasiyoihusu `Malipo`, kama kuchora PDF, siyaingizi humo. Kwa hayo natumia `sealed` (inayofunga orodha ya klasi watoto) na `switch` ya Java 21, ambayo nayo inakataa kukompaili ukiruka aina mojawapo. Ila usiweke `default` (tawi la yote yaliyobaki). Ukiiweka, umerudi kwenye else yangu.