Mgeni akisema "a bit", wewe sikia nini?

Nimekaa mapokezi ya hoteli hapa Zanzibar muda mrefu sasa, na vijana wanaoingia hii kazi nawaambia kila siku, sarufi unayo tayari, sasa kaa chini ujifunze "a bit", "quite", "rather" na ndugu zake, vile vineno vya Kiingereza vya kusema jambo ni kidogo au sana, maana mgeni analalamika kwa hayo hayo na wewe unadhani anapiga stori tu.

Mwingereza akikwambia "the room is a bit warm" usimwambie pole afu ukaendelea na kompyuta yako. Hapo keshakwambia AC imekufa na usiku hajalala, yani tuma fundi sasa hivi. Wenzetu hawa "a bit" wanaiweka mbele ya jambo baya ili lisikike laini, a bit noisy, a bit late, a bit expensive. Kwenye sifa nzuri haikai, hakuna "a bit beautiful". Na akisema hoteli ni "a bit cheap" usichekelee, hasifii bei, anasema mambo yenu ya hovyo. Ila ukilinganisha, "a bit better" (afadhali kidogo) ni sawa kabisa.

Mwaka 1951 kwenye vita ya Korea, pale Mto Imjin, Brigedia Tom Brodie wa Uingereza aliulizwa na jenerali wa Kimarekani hali ikoje, akajibu mambo ni "a bit sticky", yani magumu kidogo, na wakati huo vijana wake wanazidiwa na Wachina. Mmarekani akaelewa kwamba wanamudu. Kikosi cha Gloucestershire kikazingirwa, walio wengi wakauawa au kutekwa. Mimi hii habari inaniuma kila nikiikumbuka, ndo maana nawasisitizia muangalie pia nani anaongea.

Mfano "quite good", Mmarekani anamaanisha nzuri kwelikweli, Mwingereza mara nyingi anamaanisha inaridhisha tu, kwahiyo chakula kikiitwa hivyo muulize kistaarabu kilikosa nini. Lakini "quite right" au "quite impossible" hapo ni kabisa, kwa wote wawili. Maji ya bwawa yakiwa "fairly warm" yamemfaa, yakiwa "rather warm" mara nyingi yamezidi.

Ukiandika wewe, "slightly" inafaa kwa vitu vinavyopimika, kama boti itachelewa andika "slightly late" afu taja na dakika, mgeni ana ndege ya kuwahi. "Kinda" na "sort of" ziache za WhatsApp na washkaji.

Na jamani hiyo "a" msiidondoshe! "There is a little water" mgeni anajua yapo, ataoga. "There is little water" anajua hayatoshi, anaanza kutafuta hoteli nyingine. Hivyo hivyo "a few rooms" na "few rooms", kwahiyo soma meseji yako tena kabla hujaituma.