Kabla ya Kukodi Shamba la Viazi, Uliza Habari za Udongo Wake

Ugonjwa wa shamba langu la Njombe nilionyeshwa hapa hapa Dar es Salaam, Sinza, na kijana anayekaanga chipsi. Alikuwa amenunua magunia mawili ya viazi vyangu, na nilipopita kuchukua malipo akachukua kiazi kimoja, akakimenya mbele yangu na kusema, "Dada, tazama mwenyewe." Ganda lilikuwa na vinundu vidogo kama chunusi, na chini yake, kina cha milimita chache, kulikuwa na vidoa vya kahawia vilivyotapakaa. Ili apate nyama nyeupe ilimbidi akate ganda nene, na sehemu kubwa ya kiazi ikaishia kwenye ndoo ya maganda.

Vidoa vile ni makazi ya minyoo fundo, viumbe wadogo mno wanaoishi udongoni, wakaingia kwenye mizizi na viazi na kuifanya ivimbe. Msimu ule ule msimamizi wangu alikuwa amenipigia simu mara mbili akiniambia kwamba mimea imedumaa kwa mabaka, inalegea jua linapokuwa kali na kusimama tena jioni. Nami nikamtumia fedha za mbolea. Hadi leo jambo hili linaniuma, kwa sababu mbolea haikuwa na kosa lolote la kurekebisha. Kung'oa mmea mmoja na kukung'uta udongo kungetosha kuonyesha mizizi iliyojaa mafundo.

Kwa hiyo wewe unayelima nyanda za juu kwa simu ukiwa mjini, usikubali kuambiwa tu kwamba viazi vinanyauka. Omba picha ya mizizi. Tena omba shina likatwe karibu na ardhi, kipande chake kining'inizwe ndani ya glasi ya maji safi, kisha kitazamwe kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, na mimea hiyo iondolewe shambani pamoja na viazi vyake, isiachwe kwenye mitaro ya maji. Magonjwa haya mawili hufanana kwa mbali, lakini dawa ya ukungu inayouzwa kwa wingi madukani haitibu hata moja kati yake.

Nilipofuatilia chanzo nikakuta milango miwili niliyoifungua mwenyewe. Wa kwanza ni mbegu: nilinunua viazi vidogo vilivyobaki baada ya vikubwa kuuzwa, bila cheti, kutoka kwa mtu aliyenihakikishia kwamba ni safi. Wa pili ni magunia yaliyokwisha kutumika, ambayo mimi mwenyewe niliyakusanya sokoni na kuyapeleka Njombe ili kupunguza gharama, yakiwa na udongo wa mashamba nisiyoyajua kwenye mishono yake. Sasa nanunua mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, natumia magunia mapya, na majembe ya vibarua wanaotoka shamba jingine huoshwa kabla ya kuingia langu.

Uzembe wa mbegu na udongo unaweza kuleta kibaya zaidi. Mwaka 2015 Kenya iliripoti aina nyingine ya minyoo wa viazi, ambao jike lake hufa na kugeuka kifuko kigumu, kidogo kama kichwa cha pini, chenye mamia ya mayai. Mayai hayo yanaweza kukaa udongoni miaka 20 yakisubiri kemikali zinazotolewa na mizizi ya viazi ndipo yaanguliwe. Watafiti waliofanya majaribio nchini humo wamepata matokeo mazuri kwa kufunga mbegu ndani ya karatasi ya nyuzi za mgomba, ambayo huzuia kemikali hizo zisiwafikie minyoo. Nimefurahi kulisoma hilo, lakini kinga ya kutoingiza vifuko shambani bado ni nafuu kuliko yote.

Katika kubadilisha mazao, wengi hukosea kama nilivyotaka kukosea. Kutoka viazi kwenda nyanya, pilipili au bilinganya ni kuwahamishia minyoo fundo chakula kutoka sahani moja hadi nyingine, na maharage nayo huwalisha. Hata mahindi na ngano huweza kuwatunza baadhi yao bila kuonyesha dalili kubwa; mimi nimechagua ngano, lakini siiamini bila kupima udongo. Msimamizi hupita kila baada ya mvua kung'oa maotea ya viazi, maana mche mmoja uliojiotea unatosha kuendeleza kizazi chao.

Jirani akikupa ardhi ya kukodi, mwulize ilipandwa nini misimu mitatu iliyopita, kisha tembea kwa kupindapinda uchukue udongo sehemu ishirini hivi, kina cha sentimita 20, uuchanganye, na nusu kilo uifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke kivulini na kuiwahisha maabara. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mbeya, ni mahali pa kuanzia kuulizia. Kodi usiilipe kabla ya majibu. Shamba langu lina ngano kwa msimu wa pili sasa, na sampuli nyingine itachukuliwa mara baada ya mavuno, kabla sijaagiza hata mfuko mmoja wa mbegu.