Jibu: Nikiweka andiko arXiv (hifadhi ya wazi ya maandiko ya kisayansi mtandaoni), CCC (mkutano wa watafiti wa ugumu wa ukokotoaji) watalikataa?
Ndugu wa Maseno, hapana, arXiv haikuharibii nafasi. Kinachokatazwa ni kupeleka andiko lilelile kwa mikutano miwili kwa wakati mmoja, tuseme CCC na STOC, mkutano mwingine wa nadharia ya kompyuta. Tia bidii kwenye kurasa za mwanzo: mhakiki ana rundo la kusoma, kwa hivyo mweleze mapema thiorema yako inasema nini na mbinu gani ni mpya. Uthibitisho wote uwemo, hata kama ni kwenye kiambatisho. Halafu ukiona muda wa mwisho una alama ya AoE (Anywhere on Earth, yaani saa za eneo lililo nyuma zaidi duniani), saa 5:59 usiku ya AoE ni saa 8:59 mchana wa kesho yake hapa Kisumu. Usingoje hadi hapo, stima ikipotea utaumia bure. Nitumie rasimu, wikendi hii nitaisoma.