Jibu: Skrini inawaka buluu lakini haitoi herufi
Salaam ndugu. Umesema skrini yako ya 16x2 (herufi 16 kwa mistari 2), ile ya nyaya nne, inawaka buluu kwenye Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu) lakini herufi hakuna. Programu usiiguse kwanza. Geuza skrini, nyuma kuna kisanduku kidogo cha buluu chenye msalaba, kizungushe taratibu kwa bisibisi; ndicho kinachokoleza au kufifisha herufi. Mimi hapa Kampala nilihangaika siku mbili na skrini ya kipimo changu cha tangi la maji, kumbe ni hicho tu! Ukiona vijisanduku vyeupe mstari wa juu peke yake, basi skrini haijapokea amri: hakikisha waya wa SDA (wa data) uko pini ya A4 ya Arduino na wa SCL (wa saa) uko A5, kisha kwenye programu jaribu anwani (namba ya kuitambua skrini) 0x3F badala ya 0x27. Umeme uwe volti 5; kwa 3.3 herufi hufifia.